Maji Uliyosafisha Jana, Je, Leo Bado ni Salama?

Mada: Afya na maji nyumbani
Sauti: Msomaji mmoja
Muda: Dakika 17

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA NA KUPOTEA)

Kama jirani yako hana redio, mwite asogee. Habari ya leo inahusu kila nyumba yenye ndoo ya maji.

Namna ya kusafisha maji wengi wenu mnaijua. Mmefundishwa na wahamasishaji wa afya, na wengine mmewafundisha wenzenu. Leo tunauliza swali jingine. Ile njia ya kusafisha maji uliyopewa mwaka jana, je, bado inafanya kazi? Kichujio ulichokipokea ukiwa mgeni kambini, je, bado kinachuja? Ndoo yenye koki bado inafunga? Na maji uliyotia dawa jana asubuhi, leo jioni bado yana dawa?

Hili si swali dogo. Wapo kati yenu wanaoikumbuka Goma ya Julai 1994, wakati kipindupindu na kuhara damu vilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika wiki chache. Wapo pia wanaoikumbuka Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Mei 2015. Watu walikuwa wengi kupita uwezo wa kijiji kile, maji safi yalikuwa haba, kipindupindu kikazuka. Tangu siku zile kambi zimepata matangi, mabomba na dawa. Lakini kila kitu kinachosafisha maji huchoka. Kikichoka bila mtu kujua, nyumba huendelea kuyaamini maji ambayo hayana tena ulinzi.

Kinga ya maji hupotea kwa njia nne. Huisha. Huvunjika. Maji huchafuka tena baada ya kusafishwa. Na watu huchoka. Tutazichukua moja moja.

(MUZIKI MFUPI)

Njia ya kwanza: kuisha.

Tuanze na klorini, kwa sababu ndiyo dawa inayotiwa katika matangi ya kambi nyingi, na ndiyo iliyomo katika vidonge vingi vya kusafisha maji. Klorini hufanya kazi mbili. Kwanza huua vijidudu vilivyomo majini wakati huo. Pili, inayobaki hukaa ndani ya maji kama mlinzi. Mkono ukiingia, au kikombe kichafu kikizamishwa, mlinzi huyo hupambana na vijidudu vipya.

Lakini mlinzi huyu hupungua kila saa. Joto humpunguza. Jua humpunguza. Tope humpunguza. Na ule utelezi unaoganda ndani ya dumu, au bidoni kama wengine wetu tunavyoita, humpunguza sana. Klorini huishia kupigana na utelezi, na maji yakabaki bila ulinzi. Kina mama wawili wanaweza kukinga maji kwenye bomba moja, saa ile ile. Dumu la mmoja ni safi, la mwenzake lina utelezi wa kijani. Ikifika jioni, maji ya yule wa kwanza yanaweza kuwa bado na klorini, na ya mwenzake hayana.

Jambo hili limepimwa kambini. Mwaka 2013 watafiti walifanya kazi katika kambi za Jamam, Batil na Gendrassa, huko Maban, Sudan Kusini. Wakati huo kambi za Maban zilikuwa zinapambana na homa ya ini aina ya E, ugonjwa unaoenea kwa maji machafu na ambao ni hatari sana kwa mama mjamzito. Watafiti hawakuishia bombani. Waliyafuata maji hadi nyumbani na kuyapima tena baada ya saa kadhaa.

Waligundua nini? Kwa kawaida mashirika hulenga maji yatoke bombani yakiwa na klorini iliyobaki ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila lita. Watafiti hao waliona kwamba kiwango hicho hakikutosha kuyalinda maji mpaka wakati wa kunywa. Walipendekeza bombani pawe na miligramu 1 kwa lita, ili maji yakae nyumbani yakiwa bado na ulinzi. Somo kwetu ni hili: maji kupita mtihani bombani hakutoshi. Mtoto hanywi bombani. Anakunywa kikombeni, saa nyingi baadaye.

Sasa, nyumbani ufanye nini? Osha dumu lako mara kwa mara, ndani pia. Mkono haupiti kwenye mdomo wa dumu, kwa hiyo tia maji kidogo, sabuni na vijiwe vidogo vilivyo safi. Funga, tikisa kwa nguvu, kisha suuza vizuri. Vile vijiwe hukwangua utelezi. Weka maji ya kunywa kivulini, yakiwa yamefunikwa. Maji yaliyotiwa klorini yatumie ndani ya siku moja. Yakilala zaidi ya hapo, yatie dawa upya.

Kama unatumia vidonge, zingatia mambo matatu. La kwanza, vidonge havilingani nguvu. Kuna vya maji machache na kuna vya ndoo nzima ya lita 20. Angalia maandishi kwenye pakiti, na kama hayasomeki, muulize mhamasishaji. La pili, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kila kidonge kiache ndani ya karatasi yake mpaka siku ya kukitumia, mahali pakavu, mbali na watoto. La tatu, ukishatia dawa, subiri nusu saa kabla ya kunywa. Kama maji yana tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha ndipo utie dawa. Klorini ikitiwa kwenye tope huishia kwenye tope.

Kuna uvumi unaozunguka katika kambi nyingi, kwamba klorini inawafanya watu wasizae. Si kweli. Klorini ya kusafisha maji, ikitiwa kwa kipimo chake, haiharibu uzazi, na maji yake hunywewa na mama wajawazito na watoto katika miji mingi duniani. Harufu yake kidogo isikukimbize. Harufu ile ni dalili kwamba mlinzi yupo. Lakini pua si kipimo kamili. Kipimo cha kweli kipo, nasi tutakifikia baadaye.

(MUZIKI MFUPI)

Njia ya pili: kuvunjika.

Hapa tunazungumzia vichujio, hasa vile vya chungu cha udongo kinachokaa juu ya ndoo. Maji hupita polepole katika vitundu vidogo vya udongo, na vijidudu vingi hubaki nyuma. Wengi huuliza: je, chungu hiki kikizeeka, nguvu yake huisha?

Jibu zuri limetoka Kambodia, nchi ya Asia ambako vichujio vya udongo vimegawiwa kwa miaka mingi. Watafiti walirudi kwenye nyumba zilizovipokea miaka kadhaa kabla. Waliona mambo mawili. La kwanza linatia moyo: vichujio vilivyokuwa bado vinatumika vilikuwa bado vinachuja vizuri, hata vile vyenye karibu miaka minne. Umri peke yake haukuviharibu. La pili linahuzunisha: kila mwezi uliopita, karibu asilimia 2 ya vichujio vilikuwa vimeachwa, na sababu kubwa ilikuwa kuvunjika. Asilimia 2 inaonekana ndogo. Lakini ihesabu kwa mwaka mzima: katika kila vichujio vitano, karibu kimoja hakitumiki tena. Baada ya miaka mitatu, ni karibu nusu.

Kwa hiyo tusiulize tu kichujio kina miaka mingapi. Tuulize, kiko wapi, na kina ufa? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ufa wa chungu cha kuchujia hauzibiki. Chungu chenye ufa hubadilishwa.

Utajuaje kwamba kichujio chako kina shida? Kiangalie kasi yake. Kikipungua kasi, yaani maji yanadondoka polepole kuliko zamani, kwa kawaida kimejaa uchafu na kinataka kusuguliwa. Kisugue kwa brashi laini iliyo safi, ukitumia maji yaliyokwisha kuchujwa. Usitie sabuni kwenye chungu, maana udongo huinywa. Ndoo ya chini na koki yake, hivyo vioshe kwa sabuni. Lakini kikiongeza kasi ghafla, usifurahi. Maji yanayopita haraka yamepata njia ya mkato, na mara nyingi njia hiyo ni ufa. Acha kukitumia, safisha maji kwa njia nyingine, ukatoe taarifa.

Jambo jingine kuhusu vichujio hivi: havizuii vizuri virusi, ambavyo ni vidogo mno, kikiwemo kile cha homa ya ini aina ya E. Mahali ambapo ugonjwa huo umeingia, maji yaliyochujwa yatiwe klorini pia. Na kichujio hakiachi mlinzi ndani ya maji kama klorini inavyofanya.

Wapo pia wanaosafisha maji kwa jua, kwa kuyaweka katika chupa za plastiki zinazoonyesha. Ni njia nzuri pale ambapo hakuna kuni wala dawa. Maji yawe maangavu, chupa isizidi lita 2, ikae juani saa 6; siku za mawingu, iachwe siku mbili mfululizo. Lakini chupa nayo huchoka. Ikijaa mikwaruzo, mwanga haupiti vizuri. Chupa iliyochakaa itumie kwa kazi nyingine.

(MUZIKI MFUPI)

Njia ya tatu: maji kuchafuka tena.

Turudi karibu na nyumbani. Mwaka 1993, nchini Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji waliishi katika kambi ya Nyamithuthu. Visima vyao vilikuwa vizuri. Maji yalipotoka kisimani yalikuwa na uchafu kidogo sana au hayakuwa nao kabisa. Hata hivyo watoto waliendelea kuhara. Watafiti walipoyafuata maji, waliona kwamba yalianza kuchafuka mara tu yalipochotwa, hasa kwa mikono ya watu, na nyumbani yaliendelea kuchafuka.

Basi baadhi ya nyumba zikapewa ndoo ya namna nyingine. Ilikuwa na kifuniko ambacho hakikuruhusu mkono kuingia, na mdomo wa kumiminia. Nyumba nyingine ziliendelea na ndoo za kawaida. Baada ya miezi minne ya kulinganisha, uchafu katika maji ya ndoo zile mpya ulikuwa umepungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa asilimia 31. Dawa haikuongezwa wala kisima kipya hakikuchimbwa. Kilichobadilika ni ndoo tu.

Ndiyo maana hata maji ya kuchemsha yanahitaji kulindwa. Maji yakichemka mpaka yakatoa mapovu makubwa, vijidudu vinakufa. Mama ametumia kuni, na tunajua kuni zinavyopatikana kwa shida na kwa hatari. Kisha maji yanamiminwa katika sufuria isiyofunikwa, mtoto anakuja na kikombe alichokiokota chini, anazamisha. Kuni zote zile zimekwenda bure.

Kwa hiyo, chombo cha maji ya kunywa kiwe na kifuniko, na kiwe na koki au mdomo mwembamba. Kama huna ndoo yenye koki, mimina maji kutoka kwenye dumu, usichote. Kama lazima uchote, weka kata moja yenye mpini mrefu, itundike juu, isitumike kwa kazi nyingine, na vidole visiguse maji. Koki nayo igeuze uangalie: ikivuja, watu watainua kifuniko na kuanza kuchota kwa kikombe. Koki ndogo iliyoharibika inaweza kuirudisha nyumba nzima mwanzo.

(MUZIKI MFUPI)

Njia ya nne: watu kuchoka.

Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, kila nyumba hutia dawa. Ugonjwa ukipita, wiki ya kwanza tunatia, wiki ya tatu tunasahau, mwezi wa tatu vidonge viko juu ya kabati vimeliwa na unyevu. Hatuwalaumu. Mama mwenye foleni ya maji, foleni ya mgao wa chakula na mtoto mgonjwa ana mambo mengi kichwani. Lakini ukweli tuuseme: siku chache tu za kunywa maji yasiyosafishwa zinaweza kufuta sehemu kubwa ya faida ya siku zote ulizojitahidi. Mtoto anahitaji kunywa kinyesi cha mtu mgonjwa mara moja tu ili augue.

Kwa hiyo chagua njia ambayo nyumba yako inaiweza kila siku, si ile inayosifiwa zaidi. Iunganishe na kazi ambayo haisahauliki. Ukileta maji ya asubuhi, hapo hapo tia dawa. Mpe kazi hiyo mtu mmoja mwenye jina, hata kijana wa miaka 12, na mtu mzima akague. Na maji ya shule, ya shambani na ya safarini nayo uyafikirie. Mtoto anayekunywa maji safi nyumbani na machafu shuleni hajakingwa.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nyumba moja haiwezi peke yake.

Wasikilizaji wengine watasema: chungu changu kimevunjika, kingine nitakipata wapi? Koki imekatika, dukani kambini haipo. Vidonge vilikoma kugawiwa. Malalamiko hayo ni ya haki. Mradi wa maji hauishii siku ya kugawa vifaa na kupiga picha. Kifaa bila vipuri ni msaada wa miezi michache.

Kwa hiyo kamati za maji, na viongozi wa mitaa kambini, tunawaomba mfanye mambo matatu.

Kwanza, anzisheni daftari. Kila mwezi pitieni nyumba kumi mnazozichagua bila kupendelea. Andikeni: kichujio kipo au hakipo, kizima au kina ufa, koki inafunga au inavuja, ndoo ina kifuniko au haina, vidonge vipo au vimekwisha. Kusema "watu wengi hawana vifaa" ni rahisi kupuuzwa. Kusema "nyumba 6 kati ya 10 tulizopitia hazina koki zinazofunga" ni vigumu kupuuzwa.

Pili, ombeni klorini ipimwe nyumbani, si bombani tu. Kipimo chake ni kidogo na cha haraka: kidonge maalumu kinatiwa katika maji kidogo, na kama klorini ipo, maji yanageuka rangi ya waridi. Waridi iliyokolea, klorini ni nyingi. Iliyofifia, ni kidogo. Maji yakibaki meupe, hakuna mlinzi. Waombeni wahudumu wa maji wapime mbele yenu, bombani asubuhi na katika ndoo jioni, na muandike majibu yote mawili. Kama bombani ni waridi na jioni ni meupe, mmepata hoja ya kupeleka mkutanoni. Huenda madumu yanataka kuoshwa, huenda kipimo cha tangini kinataka kuongezwa. Mtajua mkipima.

Tatu, ulizeni mapema kuhusu vipuri. Shirika linapoleta vifaa vipya, kabla ya kushangilia ulizeni kwa heshima: kikivunjika, kingine kiko wapi? Nani atakuja kukikagua baada ya mwaka? Vidonge vikiisha, nani ataleta? Maswali hayo si utovu wa shukrani. Ni maswali ya mtu anayetaka msaada udumu.

(MUZIKI MFUPI)

Narudia kwa ufupi, kwa wale waliochelewa kujiunga nasi.

Klorini huisha: osha dumu ndani, weka maji kivulini, yatumie ndani ya siku moja.

Kichujio huvunjika: kikipunguza kasi kisugue, kikiongeza kasi ghafla kishuku.

Maji safi huchafuka tena: funika, mimina, usizamishe mkono wala kikombe.

Watu huchoka: chagua njia unayoiweza kila siku, na umpe mtu mmoja jukumu hilo.

Na kama mtu nyumbani ameanza kuhara maji matupu, hasa yanayofanana na maji ya mchele, usingoje kesho. Anza kumpa maji yenye chumvi maalumu ya kuhara, yaani ORS, yaliyochanganywa na maji safi, na mpeleke kituo cha afya mara moja. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika nyumba zetu, ni kifaa gani cha maji tulichopewa ambacho hakitumiki tena, na kwa nini?

2. Maji ya kunywa nyumbani kwako hukaa saa ngapi tangu yakingwe mpaka yaishe?

3. Mara ya mwisho klorini kupimwa ndani ya nyumba katika mtaa wetu ilikuwa lini? Nani ataomba ipimwe tena?

4. Watoto wetu wanakunywa maji gani wakiwa shuleni?

Wasikilizaji wapendwa, leo jioni kabla ya kulala, washa taa uiendee ndoo yako. Funua kifuniko, angalia ndani, pitisha macho kwenye koki na kwenye chungu. Ukaguzi huo hauna gharama. Kesho umwambie jirani ulichokiona. Mbaki salama, na tuonane katika kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA MPAKA MWISHO)